Kubuni kihisi cha oksijeni ya damu: mwongozo kamili, kutoka wodini hadi kipimo cha kuaminika

Oksimita ni kile kibanio kinachowekwa kwenye kidole cha mgonjwa na kutoa namba mbili: asilimia ya oksijeni kwenye damu na mapigo ya moyo kwa dakika. Ndani yake mna taa mbili, kipokea mwanga kimoja na saketi ndogo. Mwanafunzi wa elektroniki mwenye bidii anaweza kuunganisha cha kwanza na kuona namba kwenye skrini ndani ya siku chache. Lakini namba ikishaonekana, watu huiamini. Muuguzi atampa mtoto oksijeni, au atamrudisha nyumbani, kwa kuitegemea namba hiyo.

Kwa sababu hiyo, nafasi kubwa ya mwongozo huu nimeipa kazi ambayo wabunifu wengi huisogeza mwisho: kuhakikisha namba ni ya kweli kwenye ngozi ya watu watakaopimwa. Mwishoni naeleza kinachobadilika pale sehemu ya kielektroniki inapopandikizwa ndani ya mwili.

Hatua ya 1: Anzia wodini

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, omba ruhusa ukae kwenye wodi ya watoto au chumba cha upasuaji, uangalie tu. Kidole cha mtoto mchanga ni chembamba mno kwa kibanio cha mtu mzima, kwa hiyo kihisi hufungwa kwenye mguu au kiganja. Mtoto hurusha miguu. Umeme hukatika. Kifaa hufutwa kwa spiriti au klorini mara nyingi kwa siku. Kisha nenda kwa fundi wa vifaa tiba, umwombe akuonyeshe vilivyoharibika. Angalia hasa waya wa kihisi, pale unapoingilia kwenye kibanio na pale unapoingilia kwenye plagi. Hizo ndizo sehemu zinazokunjwa kila siku, na mara nyingi mashine yenyewe huwa nzima kabisa.

Andika ukurasa mmoja wa mahitaji, wenye namba. Nani anapimwa? Kwa muda gani mfululizo? Kwa umeme upi? Kinasafishwa kwa dawa gani? Kinatakiwa kuwa sahihi kuanzia asilimia ngapi hadi ngapi? Shirika la Afya Duniani linatumia kiwango cha chini ya asilimia 90 kama alama ya kumwanzishia mtoto oksijeni. Ukizingatia hilo utaona kwamba usahihi kati ya 85 na 95 una uzito kuliko usahihi kwenye 99, ingawa 99 ndiyo namba utakayoiona siku zote ukijipima wewe mwenyewe mezani.

Hatua ya 2: Elewa mwanga unafanya nini kidoleni

Himoglobini ni protini ya damu inayosafirisha oksijeni. Iliyobeba oksijeni hupitisha mwanga mwekundu kwa wingi na kufyonza zaidi infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Isiyo na oksijeni hufanya kinyume. Ndiyo maana oksimita nyingi hutumia taa nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 na ya infraredi ya nanomita 940.

Tatizo ni kwamba mwanga unapita pia kwenye ngozi, mfupa, nyama na damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), na vyote hivyo vinafyonza. Aliyelitatua ni mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden nchini Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akipima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kutumia rangi maalumu, na mapigo ya damu yakawa yanamharibia mchoro wake. Alipokuwa akitafuta njia ya kuyaondoa, aligundua kwamba sehemu inayopanda na kushuka ni damu ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) peke yake, kwa kuwa vingine vyote vimetulia. Basi akayageuza yale mapigo yaliyomsumbua kuwa ndicho kitu anachopima. Ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, liliwasilishwa mwaka 1974.

Kutokana na hilo, kila rangi ya mwanga hutupa vitu viwili: kiwango tulivu, na wimbi dogo linalopanda na kushuka juu yake. Gawanya wimbi kwa kiwango tulivu, kwa nyekundu kisha kwa infraredi. Halafu gawanya jibu la nyekundu kwa jibu la infraredi. Matokeo huitwa R, na ndiyo roho ya kifaa chote.

Hatua ya 3: Chagua taa na kipokea mwanga

Taa nyekundu ndogo zinazouzwa rejareja kwenye maduka ya vipuri, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa kawaida ni za nanomita 620 hadi 630. Zinafaa kuonyesha kwamba redio imewaka. Kwa kazi hii hazifai. Karibu na 660, uwezo wa himoglobini isiyo na oksijeni kufyonza mwanga hubadilika kwa haraka sana kadiri urefu wa wimbi unavyobadilika, kwa hiyo tofauti ya nanomita chache inahamisha R na asilimia unayoonyesha. Upande wa 940 mteremko ni mpole, ndiyo maana taa ya infraredi haina masharti makali namna hiyo.

Agiza taa ambazo mtengenezaji amezichambua kwa makundi ya urefu wa wimbi, na umwombe karatasi ya vipimo ya kundi lako. Kisha pima chache mwenyewe. Idara ya fizikia au kemia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe huenda ina spektromita, kifaa cha kupima urefu wa mawimbi ya mwanga. Pima taa ikiwa baridi na ikiwa imepata joto, kwa kuwa joto linasogeza urefu wa wimbi.

Kwa kipokea mwanga, fotodayodi ya silikoni kama BPW34, yenye eneo la milimita za mraba 7.5, inatosha kuanzia. Mkondo wake utakuwa mdogo, mikroampia moja hivi au pungufu. Uingize kwenye ampulifaya inayogeuza mkondo kuwa volti. Ukiweka rezista ya megaohm 1 kwenye mzunguko wa marejeo, mikroampia 1 inakuwa volti 1. Weka na kapasita ya pikofaradi 10 sambamba na rezista hiyo ili saketi isitetemeke. Muda wake wa kufuata mabadiliko utakuwa mikrosekunde 10, nao unatosha.

Sasa piga hesabu hii kabla ya kununua kitu kingine. Tuseme kiwango tulivu ni volti 1, na wimbi la mapigo ni asilimia 1 ya hapo, yaani milivolti 10. Ili utofautishe asilimia 97 na 96 unahitaji kuona mabadiliko ya R ya takribani 0.04. Wimbi la infraredi likiwa milivolti 10, hiyo ni kama milivolti 0.4 kwenye wimbi la nyekundu. Kigeuzi (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) cha biti 12 kwenye volti 3.3 kina ngazi za milivolti 0.8. Hakioni! Ama uondoe kiwango tulivu kwanza kisha ukuze kilichobaki, ama utumie kigeuzi cha biti nyingi zaidi. Cha biti 18 kina ngazi za mikrovolti 13 hivi. Na mgonjwa mwenye vidole baridi anaweza kuwa na wimbi la asilimia 0.2 tu, kwa hiyo usifanye hesabu hii kwa kidole chako chenye joto peke yake.

Kuna chipu zilizokamilika, kama MAX30102, zenye taa, fotodayodi na kigeuzi cha biti 18 ndani yake. Ni nzuri kwa kujifunzia. Ila taa yake ya infraredi ni ya nanomita 880, na inapima mwanga unaorudi, si unaopenya kidole. Usichukue fomula iliyotengenezwa kwa 940 ya kupenya ukaibandika hapo.

Hatua ya 4: Panga zamu za taa

Fotodayodi ni moja na taa ni mbili, kwa hiyo zinawaka kwa zamu: nyekundu, giza, infraredi, giza. Kipimo cha giza kinaonyesha mwanga wa chumba, nao unautoa kwenye kipimo kinachofuata. Taa ikiwaka kwa mikrosekunde 200 tu katika kila zamu, unaweza kuipa mkondo wa miliampia 20 bila kumaliza betri wala kuunguza ngozi. Joto la kihisi kinachogusa ngozi lisivuke nyuzi 41 za Selisiasi.

Hapa kuna mtego ninaoutaka kila mbunifu wa Afrika Mashariki aujue. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukutani humeta mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde. Masafa ya gridi yakishuka kidogo hadi hezi 49.5, taa zinameta mara 99. Kama kifaa chako kinachukua vipimo 100 kwa sekunde, tofauti ya 100 na 99 ni 1, na saketi itaona wimbi safi linalojirudia mara moja kwa sekunde. Hayo ni mapigo 60 kwa dakika, mapigo mazuri ya mtu mzima mwenye afya, yanayotoka kwenye balbu. Kihisi kikidondoka kitandani kinaweza kuendelea kuonyesha kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Dawa yake ni tatu kwa pamoja. Chukua vipimo kwa kasi, mfano mara 1,000 kwa sekunde, kisha fanya wastani wa kila kumi. Toa kipimo cha giza kilichochukuliwa papo kwa papo. Na jaribu kifaa kikiwa wazi mezani, bila kidole, chini ya kila aina ya taa utakayoipata hospitalini. Kikionyesha mapigo, bado hujamaliza.

Hatua ya 5: Usalama wa meza yako

Wakati wa majaribio, lisha saketi kwa betri. Kompyuta iliyochomekwa kwenye chaja ya ukutani nayo ni njia ya umeme kufika kwa mtu aliyevaa kihisi. Chomoa chaja, au tumia kitenganishi kwenye waya wa USB. Osiloskopu (kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme) iliyounganishwa na ardhi isiguse saketi iliyo kwenye mwili wa mtu.

Kwenye ubao, weka ampulifaya karibu na fotodayodi, fupisha njia, na zungushia ngao iliyounganishwa na kiwango cha sifuri. Safisha mabaki ya fluksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, baada ya kulehemu. Kwa rezista ya megaohm 1, uchafu na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa vinatosha kuvujisha mkondo unaoharibu kipimo.

Hatua ya 6: Kutoka R hadi asilimia

Chukua mfano. Nyekundu: kiwango tulivu volti 1.20, wimbi milivolti 9, uwiano 0.0075. Infraredi: volti 1.50 na milivolti 22.5, uwiano 0.015. R ni 0.5. Fomula inayozunguka kwenye vitabu vya mafunzo husema asilimia ni 110 ukitoa 25 mara R, kwa hiyo jibu ni 97.5.

Fomula hiyo ni ya kushikilia nafasi tu. Haijui taa zako, haijui kibanio chako. Itumie kuona kama programu inafanya kazi, na uandike kwenye skrini kwa herufi kubwa kwamba kifaa ni cha majaribio.

Programu ipitishe masafa kati ya hezi 0.5 na 4, yaani mapigo 30 hadi 240 kwa dakika. Na ijifunze kunyamaza. Mawimbi ya nyekundu na infraredi yasipofanana, au yakiwa madogo mno, onyesha vistari badala ya namba. Muuguzi akiona vistari atarekebisha kihisi. Akiona 94 ya uongo ataondoka.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa damu

Mwezi Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa madaktari wa Michigan, Marekani, wakiongozwa na Michael Sjoding. Walilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya ateri. Pale oksimita iliposoma kati ya 92 na 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na asilimia 3.6 kwa wagonjwa Weupe. Vilikuwa vifaa vilivyoidhinishwa, vinavyotumika hospitalini kila siku.

Kwa nadharia ya Aoyagi, rangi ya ngozi haipaswi kuleta tofauti, kwa sababu haidundi. Lakini taa si ya urefu mmoja kamili wa wimbi; inatoa ukanda wa mawimbi, na melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hufyonza zaidi upande wa mawimbi mafupi, hivyo mwanga unaofika ndani si ule uliopimwa kwenye spektromita. Juu ya hapo, jedwali la kugeuza R kuwa asilimia hutokana na watu waliojitolea kupimwa, na waliojitolea walikuwa kwa sehemu kubwa wa ngozi nyeupe. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013 ulitaka angalau watu wawili wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya wote. Kwetu uwiano huo ni kichekesho cha kusikitisha. Mbunifu wa Mwanza au Kisumu ana nafasi ya kulirekebisha jambo hili kuanzia msingi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kubuni kifaa hiki hapa.

Njia rasmi, iliyo kwenye kiwango cha ISO 80601-2-61 cha shirika la kimataifa la viwango, ni kumpunguzia mtu mzima mwenye afya oksijeni anayovuta, hatua kwa hatua, ili oksijeni ya damu yake ishuke kutoka asilimia 100 hadi 70, huku damu ya ateri ikichukuliwa na kupimwa. Kazi hiyo inafanyika kwenye maabara maalumu, daktari wa usingizi akiwepo. Usiijaribu kwa namna yoyote chumbani, kwa kushikilia pumzi wala kwa mfuko.

Unachoweza kufanya mapema ni kushirikiana na hospitali yenye mashine ya kupima gesi za damu. Wagonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu tayari huchukuliwa damu ya ateri kwa ajili ya matibabu yao. Ukiwa na kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa au ndugu zake, unaandika namba ya kihisi chako dakika ileile damu inapochukuliwa. Tanzania, kibali cha utafiti hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kenya, kamati ya maadili ya taasisi pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Anza kuomba mapema, wakati saketi bado iko mezani.

Kwa kila jozi, toa namba ya damu kwenye namba ya kihisi, zidisha tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wa zote, kisha kipeuo cha pili. ISO inakubali matokeo hadi asilimia 4. Mwongozo wa FDA wa 2013 ulitaka 3 kwa vihisi vya kupenya. Usiishie kwenye namba ya jumla. Rudia hesabu kwa kila kundi la rangi ya ngozi na kwa kila sehemu ya kipimo: 70 hadi 80, 80 hadi 90, 90 hadi 100. Wastani mzuri wa jumla unaweza kuficha kosa kubwa pale penye wagonjwa mahututi. Na mashine ya kuigiza kidole, ile inayotumiwa na mafundi, inaonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi. Haithibitishi usahihi wake.

Hatua ya 8: Nyaraka, viwango na hataza

Fungua daftari la hatari kuanzia wiki ya kwanza, kwa kufuata ISO 14971: nini kinaweza kwenda vibaya, kitamdhuru nani, umefanya nini. Usalama wa umeme uko kwenye IEC 60601-1, kiwango cha tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme. Kwa sehemu inayogusa mwili ya aina ya BF, mkondo mbadala unaovuja kwenda kwa mgonjwa usizidi mikroampia 100 katika hali ya kawaida. Kwa aina ya CF, inayoweza kugusa moyo, usizidi 10. Programu ina IEC 62304, na plastiki inayogusa ngozi ina ISO 10993. Usajili ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania Bara na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Kuhusu hataza, sheria ni kali: ukionyesha uvumbuzi hadharani kabla ya kuwasilisha ombi, unaweza kupoteza upya wake. Kwa hiyo wasilisha kwanza BRELA (ofisi ya hataza ya Tanzania) au KIPI (ya Kenya), au ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare, ndipo uupeleke kwenye maonyesho ya Sabasaba. Una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba nchi nyingine. Kupitisha mwanga kidoleni ni elimu ya wote sasa. Tafuta kilicho chako, kama vile namna ya kupanga taa kwa mguu wa mtoto mchanga, au kiungo cha waya kisichokatika.

Hatua ya 9: Kama sehemu inaingia mwilini

Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Sweden, daktari Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichoundwa na Rune Elmqvist: transista mbili zilizozamishwa kwenye epoksi, kopo la dawa ya viatu likitumika kama kalibu. Kiliharibika baada ya saa chache. Larsson aliishi hadi 2001, akiwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Sehemu kubwa ya historia ya vifaa vya kupandikizwa iko kwenye mambo mawili: nishati na maji.

Betri za zamani za zebaki zilitoa gesi, kwa hiyo kasha halikuweza kuzibwa kabisa. Betri ya lithiamu na ayodini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1972, haitoi gesi, na hapo ndipo kasha la titaniamu lililozibwa kwa leza likawezekana. Hesabu ya nishati ni rahisi: betri ya ampia-saa 1 ikinyonywa mikroampia 10 inadumu saa 100,000, yaani miaka 11 na zaidi. Kila mikroampia unayoongeza inaondoa muda kabla ya mgonjwa kupasuliwa tena.

Maji ni magumu zaidi. Epoksi na silikoni hupitisha mvuke, polepole lakini bila kukoma. Kwa kifaa cha miaka mingi tumia titaniamu, na nyaya zitoke kupitia seramiki, kisha pima uvujaji kwa heliamu. Elektrodi ziwe za platini na iridiamu, na weka kapasita mfululizo na kila elektrodi ili mkondo wa moja kwa moja usifike kwenye nyama hata chipu ikiharibika. Mkondo huo huyeyusha elektrodi na kuua seli. Uso wa kifaa usizidi joto la mwili kwa zaidi ya nyuzi 2.

Usianze na kifaa kamili. Tengeneza vipande vya majaribio vyenye njia mbili za shaba zilizokaribiana, vifunike kwa njia yako ya kuziba, vipe volti ileile ya kifaa, uvizamishe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye joto la nyuzi 67. Kwa kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 huongeza kasi ya uharibifu maradufu, nyuzi 30 juu ya joto la mwili ni mara nane, na siku 46 zinasimama badala ya mwaka mmoja hivi, ilimradi nyenzo yako hailainiki kwenye joto hilo. Pima mkondo unaovuja kati ya njia hizo kila siku, uchore. Ukianza kupanda, toa kipande, kipasue chini ya hadubini, utafute maji yameingilia wapi.